Betri mpya na gari bado haliwaki: anza hapa kabla ya kununua stata

Betri imebadilishwa, taa za dashibodi zinawaka vizuri, lakini ukipiga stata unasikia "tik" moja, basi. Usikubali haraka kuambiwa stata imekufa. Tatizo linalojitokeza mara tu baada ya kubadili betri mara nyingi liko palepale spana ilipopita.

Shika kila terminali (kibanio cha waya kwenye kichwa cha betri) uizungushe kwa mkono. Ikicheza hata kidogo, hapo ndipo pa kuanzia. Magari mengi madogo ya Kijapani, mfano Vitz na Passo, hutumia betri zenye vichwa vyembamba. Akifungiwa mtu betri ya vichwa vinene, terminali hupanuliwa kwa nguvu au hupasuka. Siku ikirudishwa ya vichwa vyembamba, haibani tena. Taa na redio zitafanya kazi kama kawaida kwa sababu zinakula ampia chache. Stata inavuta zaidi ya ampia 100, na mguso mbovu hauwezi kupitisha umeme huo: volti zinaporomoka na terminali inapata moto. Dawa ni kuweka ganda la risasi linalotoshea kichwa, au terminali mpya. Msumari na kipande cha kopo vinavyochomekwa pale havidumu. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho, na usugue kwa msasa mpaka chuma king'ae.

Kama terminali zimebana, chukua multimita (kipima umeme). Betri iliyopumzika na kujaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, hata kama ni mpya, maana betri hujiishia yenyewe ikikaa sana dukani. Ichaji kwanza. Kisha mtu apige stata wewe ukisoma: ikishuka chini ya 9.6, ama betri haina nguvu ama stata inavuta kupita kiasi.

Volti zikibaki juu na stata inazunguka kwa uzito, pima waya. Weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa chenyewe cha hasi, siyo kwenye terminali, na nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha piga stata. Ikizidi volti 0.3, waya wa hasi kwenda kwenye injini umeoza au boliti yake imelegea. Kipimo hiki mafundi wengi hukiruka, na ndicho kinachookoa hela ya stata.

Gari likiwa kimya kabisa, bila hata taa, angalia fyuzi kubwa karibu na chanya. Kwenye Toyota nyingi imeandikwa ALT, ampia 100 au 120. Hukatika betri ikigeuzwa chanya kwa hasi, na diodi (vipitisha umeme upande mmoja) za alteneta, mashine inayochaji betri, huweza kuungua papo hapo.

Likishawaka, magari mengi yanapaswa kusoma volti 13.8 hadi 14.5 kwenye betri. Tafadhali usichomoe terminali injini ikiunguruma ili "kujaribu alteneta". Volti zinaruka ghafla na kuweza kuua kompyuta ya gari.

Likiwaka kisha likazima ukiachia mafuta, huenda kompyuta imesahau, betri ilipotolewa, mipangilio ya sailensa (injini kuunguruma bila kukanyaga mafuta). Safisha throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) kama ina masizi, zima AC na taa, injini ipate joto mpaka feni iwake, kisha iache iungurume dakika 5 hadi 10 bila kugusa pedali.