Kwako unayeanza kazi ya kusajili watu wa safu ya mbele

Karibu kazini. Nadhani ulipoipenda futiboli ya Marekani ulianza na kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, kama wengi wetu. Sasa umepewa meza kwenye ofisi ya usajili ya chuo, na kocha amekwambia utamsaidia kutafuta vijana wa safu ya mbele, wale watano wanaosimama kati ya kwotabeki na watu wanaotaka kumvunja: senta katikati, gadi wawili ubavuni mwake, teko wawili pembeni kabisa. Usisikitike. Sijaona nafasi ngumu kuisajili kama hiyo, na ndiyo maana nimeing'ang'ania miaka yote hii.

Mkimbiaji wa miaka kumi na saba tayari ni mkimbiaji, mbio zake unaziona kwa macho. Mtu wa safu wa umri huo bado hajawa. Unayemtaka atakuwa na pauni 305, kama kilo 138, lakini aliyepo mbele yako ana pauni 235 na magoti yanagongana akitembea. Au ameshafika 330, kila Ijumaa usiku kwenye mechi za sekondari anawaangusha watoto wa kilo sabini, na mji mzima unalijua jina lake. Wewe unatakiwa kumwona yule wa miaka mitatu ijayo.

Mwaka wangu wa pili niliandika neno "mwembamba" mbele ya jina la kijana mmoja wa mashambani, nikamtoa kwenye orodha. Video yake nilikuwa nimeitazama dakika nne. Chuo kingine kikamchukua, kikamlisha, kikampumzisha msimu wa kwanza. Alipokuja kucheza uwanjani kwetu alikuwa na pauni 310, na mlinzi wetu wa pembeni hakumgusa kwotabeki wao hata mara moja. Usiku ule nikaifungua tena ile video. Kila kitu kilikuwemo: miguu haikukutana hata mara moja, kiuno kilikaa chini, viganja vilimfikia mpinzani kabla mpinzani hajamfikia yeye. Mimi nilikuwa nimetazama kilo tu.

Kwa hiyo anza na miguu. Teko anarudi kinyumenyume huku akisukumwa na mtu mwepesi kuliko yeye. Visigino vikikutana, amekwisha. Kisha nyonga. Mwangalie anapoinama kuokota mpira. Je, anakunja magoti, mgongo umenyooka na visigino viko chini, kama mtu anayekaa kwenye mbuzi kukuna nazi? Au anajikunja kiunoni na makalio yanabaki juu? Huyo wa pili, hata awe na mwili kama kontena, atainuliwa na mtu mdogo aliyemwingia kwa chini. Nguvu atazipata kwenye vyuma akifika chuoni. Nyonga zilizokaza huchukua muda mrefu sana kulegea, na nyingine hazilegei.

Wakija kwenye kambi yenu ya Juni, mikono ipime mwenyewe, kwa futi ya fundi cherehani, kuanzia mfupa wa bega hadi ncha ya kidole cha kati. Makocha wengi wanapenda teko afike inchi 33 au 34. Akipungukiwa wanaanza kumfikiria kuwa gadi au senta. Vipimo vilivyoandikwa na shule yake usivitegemee. Nimeona vijana wakipungua inchi moja na nusu kati ya karatasi na ukuta wetu.

Vile vipande vya video alivyovichagua mwenyewe, vinavyoonyesha anavyolaza watu chali, vipe dakika moja. Omba mechi nzima, tena ile waliyofungwa, uende robo ya nne. Amechoka, wako nyuma kwa pointi ishirini, mpira umepelekwa upande usio wake. Anatembea, au anakimbia kumtafuta mtu wa kumzuia? Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Na ujue anacheza nini kingine. Tristan Wirfs, kabla ya kwenda University of Iowa, alikuwa mwanamieleka na mrushaji tufe na kisahani kwenye sekondari ya Mount Vernon, mji mdogo wa Iowa. Mwaka 2020 timu ya Tampa Bay ikamchagua wa 13 kwenye drafti ya NFL, pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu. Joe Alt alifika chuo cha Notre Dame akitokea nafasi ya taiti endi, mtu anayesimama kando ya teko na kupokea pasi pia, akageuzwa teko, na mwaka 2024 akachaguliwa wa tano. Eric Fisher vyuo vikubwa vilimpita, akaenda Central Michigan, na mwaka 2013 akawa wa kwanza kabisa kuchaguliwa. Jason Kelce, aliyekuja kuwa senta maarufu wa NFL, aliingia chuo cha Cincinnati bila ufadhili, na hakuanzia safu ya mbele. Kocha akipanga safari ya kwenda kumwona kijana, mwombe aende siku ya mieleka. Pale hakuna wenzake wanne wa kujificha nyuma yao.

Utaambiwa mambo haya yamepitwa na wakati. Portali ya uhamisho, orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, ipo tangu 2018, tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Kwa nini umsubiri mtoto, wakati unaweza kumnunua mtu mzima wa miaka ishirini na mbili? Mimi sikubali. Watu wazima wazuri ni wachache na kila mtu anawataka. Halafu gadi na teko wanatakiwa kupokezana mpinzani anayebadili njia bila kuambiana neno, na hilo linawajia baada ya mamia ya siku za mazoezi bega kwa bega.

Mara moja tulipokea familia ya Wakongo wanaoishi hapa hapa Iowa. Mama alikuja na kitenge chake, mrefu kuliko kocha, pamoja na kijana na mdogo wake. Kocha akaanza kuonyesha picha za uwanja. Mama akanigeukia: "Na kama akivunjika, mutamufukuza?" Nikamtafsiria kocha. Akaanza kueleza kwamba sisi hapa ni familia moja. Nikamwambia kocha, Mama hajauliza hilo. Tukaileta barua ya ufadhili mezani, tukaisoma mstari kwa mstari, mimi nikitafsiri, yeye akinisimamisha kila aliposhuku. Ilichukua karibu saa nzima. Usimwahidi mzazi kitu ambacho huwezi kukiwekea kidole kwenye karatasi.

Kijana alichagua chuo kingine, karibu na kwa shangazi yake. Mama alinipigia mwenyewe kuniambia, akanishukuru, na mpaka leo tunasalimiana sikukuu. Yule mdogo sasa ana miaka kumi na nne na anavaa viatu vya saizi 15. Habari za mpira simwongeleshi, sheria bado haziruhusu.