CG125 ya zamani inatoa moshi na kuvuja oili: usikubali silinda ikachongwe kabla hujapima

Mkuu nimesoma swali lako. Pikipiki ya mzee, CG125, imekaa stoo muda mrefu, ukiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu, chini ya injini oili inadondoka, na fundi kashakwambia ni pistoni na ringi, silinda ikachongwe (itanuliwe ndani kwa mashine), lete hela. Mi hizi injini za fimbo (valvu zinasukumwa kwa fimbo) nimeziendesha na kuzifungua huku Iringa miaka mingi, na ninachokwambia ni kwamba fundi wako anaweza kuwa sahihi ila bado hajapima kitu. Oili inayovuja na oili inayoungua ni kesi mbili, na kwenye pikipiki ya umri huo mara nyingi zote zipo, sasa ukizichanganya utachonga silinda, utaweka pistoni mpya, na sakafu itaendelea kuloa vilevile.

Kabla ya yote cheki oili yenyewe. Pikipiki isimame kwenye stendi kubwa sehemu tambarare, chomoa stiki, futa, irudishe bila kuifunga nyuzi zake (kwenye CG haifungwi wakati wa kupima, inakaa tu juu ya tundu), chomoa usome. Injini hii inajaa kwa karibu lita moja tu, watu wengi wanamimina chupa nzima juu ya oili ya zamani iliyobaki, inazidi, inasukumwa kupitia mpira wa kupumulia (unaotoa presha ya ndani ya injini) na moshi unaanza. Alafu inuse. Ikinuka petroli ujue bomba la tenki liliachwa wazi na sindano ya kabureta haifungi, petroli ikashuka kidogokidogo mpaka kwenye oili. Kwa pikipiki iliyolala stoo hili lipo sana. Oili ya hivyo ni nyepesi kama maji, inapita kila mahali, inavuja na inatoa moshi hata kama ringi ni nzima kabisa. Mwaga, tengeneza kabureta, weka 20W-50 ya pikipiki (iwe na maandishi JASO MA, sio za gari za kupunguza msuguano maana klachi inalowa humohumo na itaanza kuteleza), ndo uanze kuhesabu matatizo.

Sasa moshi. Wengi wanaangalia rangi tu, we angalia unatoka wakati gani. Pikipiki ilale usiku kucha, asubuhi mtu asimame nyuma we upige kiki. Ikitoa wingu moja la bluu alafu baada ya dakika chache bomba la moshi likawa safi, hiyo ni oili iliyoteremka usiku taratibu kwenye gaidi za valvu (mirija ambayo shina la valvu linapita ndani yake) ikakusubiri. Hapo kosa liko kwenye hedi, sili za valvu zimekauka na kuwa ngumu, na raba ikikaa miaka bila kazi inakauka hivyohivyo hata kama kilomita ni chache. Maelezo yako yameniegemeza huku zaidi kuliko kwenye ringi.

Kipimo cha pili ndo mi nakipenda. Sisi huku tuna mlima Kitonga, unashuka na gia ya tatu umeachia mafuta kabisa, injini inakaba, kabureta imefungwa kwahiyo pistoni inavuta hewa inakosa, inavuta oili kupitia pembeni ya shina la valvu. Ukifika chini ukavuta mafuta tu, wa nyuma yako anapotea kwenye moshi wa bluu. Hiyo ni valvu, sili au gaidi yenyewe imepanuka. Kama huko kwako hakuna mlima tafuta mteremko wowote mrefu, inatosha. Ringi zinafanya kinyume, moshi unakuja unapopanda, umebeba mtu na gunia, injini iko kwenye mzigo, na hauishi hata ikipata moto, unakufuata siku nzima.

Moshi mweupe wa asubuhi wa Mafinga au Njombe mwezi wa sita na wa saba usikusumbue, ni mvuke, hauna harufu na unaisha ikishapata joto. Mweusi ni petroli nyingi, angalia choki na kichujio cha hewa, oili haihusiki.

Chomoa plagi uitazame juani. Oili inaacha weusi unaong'aa, umelowa, ukishika vidole vinateleza. Petroli nyingi inaacha masizi makavu kama ya chungu, unafuta na kitambaa yanatoka. Ukikuta upande mmoja wa plagi ndo umelowa na mwingine mkavu, mara nyingi oili inaingia upande wa valvu, ila hiyo ni dalili tu, usiifungulie injini.

Kinachomaliza ubishi ni geji ya kompresheni (inapima mgandamizo wa silinda), inafungwa kwenye tundu la plagi. Injini iwe ya moto, vuta mafuta mpaka mwisho, piga kiki mpaka mshale usimame, andika namba. Mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki kidogo isambae, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi na silinda zimechoka maana oili imeziba pengo. Isipopanda na ilikuwa chini, tazama valvu kukaa vibaya au gasketi ya hedi. Ikiwa namba ilikuwa nzuri tangu mwanzo na moshi upo, basi mara nyingi ni sili za valvu, na mtu akikwambia uchonge silinda muulize anachonga kwanini. Plagi ikiwa nje, kofia yake iweke mbali na tundu au irudishie plagi na uigusishe kwenye bodi mbali na tundu, mvuke wa petroli unatoka hapo na cheche ipo.

Na ule mpira wa kupumulia, uchomoe injini ikiwa inaunguruma, weka kiganja. Vipumzi vidogo ni kawaida. Ukisikia unapuliza kwa nguvu na kiganja kinalowa moshi wa oili, moto unapita kwenye ringi unaingia chini. Ila hakikisha mpira wenyewe haujaziba au kukunjwa chini ya tenki, nimeona nyigu wa udongo wamejenga humo, presha ikakosa pa kutokea ikasukuma oili kwenye kila sili, mwenye pikipiki anabadilisha sili kila mwezi na zinavuja tena.

Tukija kwenye kuvuja. Oili inashuka na upepo unairudisha nyuma, kwahiyo inapodondokea sipo inapotokea. Injini ya baridi, isugue na brashi na mafuta ya taa mpaka mapezi ya silinda, osha kwa sabuni, kausha, alafu ipake poda ya mtoto pande zote. Zunguka nayo kidogo mtaani urudi upige tochi. Kwenye poda utaona mstari wa kahawia, ufuate kwenda JUU na MBELE mpaka unapoishia, hapo ndo mlango wake. Bila kuosha hutaona kitu, vumbi letu likikutana na oili linakuwa tope gumu linaloficha kila kona.

Kwenye CG nazozijua mimi vituo ni vilevile: kifuniko cha roka (mikono inayobonyeza valvu) juu, gasketi ya chini ya silinda, upande wa kushoto sili ya sproketi ndogo na ya shafti ya gia, kulia sili ya kiki. Washa ya nati ya kumwagia oili nayo inasahaulika, imekandamizwa mara nyingi mpaka imekuwa karatasi. Sproketi usiihukumu haraka, toa kifuniko chake ukwangue ule uchafu kwanza, nusu yake ni grisi na oili ya cheni inarushwa humo. Ikiwa ni sili kweli, kabla ya kuweka mpya pitisha ukucha kwenye shafti, ukigota kwenye mfereji ujue sili ya zamani imeila. Usinunue shafti, igonge sili mpya isizame sana, ibaki juu kidogo, mdomo wake ukae kwenye chuma kisichoguswa. Na meno ya shafti yafunge selotepu ukiwa unaipitisha, yanakata ule mdomo wakati wa kuvaa tu.

Silikoni ndo ugonjwa wa gereji zetu. Fundi anapaka kama siagi, nje inaonekana safi, lakini na ndani imebinuka vilevile, vipande vinakatika vinakwenda kwenye chujio la oili, na juu kwenye roka oili inapungua. Gasketi ya karatasi, sura zimesafishwa, nati zinakazwa kwa kupishana msalaba injini ikiwa ya baridi, silikoni haihitajiki.

Ikionekana ni ringi kweli basi silinda ipimwe, sio kukisia kwa macho. Ringi mpya ya saizi ileile iingize peke yake ndani ya silinda, isukume na kichwa cha pistoni ikae sawa, pima pengo la ncha kwa filageji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kama limepitiliza hapo mtaongea kuchonga, na muanze na saizi ndogo ya kutanua milimita 0.25 au 0.50 kutegemea uchakavu, msiruke moja kwa moja 1.00 kwasababu spea ya hiyo ndo ilikuwepo dukani, utakuwa umemaliza silinda ya mzee. Wakati wa kufunga, herufi kwenye ringi inatazama juu na mapengo ya ringi yasikae mstari mmoja. Ringi mpya kwenye silinda iliyong'aa kama kioo bila kukwaruzwa hazitakaa, utapata moshi uleule na fundi atakwambia spea ni feki.

Kwa hiyo ya kwako mi ningeanza na oili, kisha kompresheni, kisha sili za valvu na gaidi zitikiswe hedi ikiwa wazi. Hedi ya hii injini inatoka bila kushusha injini kwenye fremu, fundi akikutajia bei ya kushusha injini kwa ajili ya sili za valvu, tafuta mwingine.