Kabla Hujaipaka Ramani Rangi

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniandikia akiuliza ni programu gani inayofaa kuchora ramani ya floraidi, madini ambayo yakizidi katika maji ya kunywa huharibu meno na mifupa, katika maji ya ardhini ya Arusha. Nilimjibu kwamba QGIS, ambayo hailipiwi, inatosha. Kisha nikaikumbuka ramani yangu ya kwanza, ambayo hadi leo inaniuma.

Nilikuwa nimekusanya vipimo vya visima na chemchemi za miteremko ya Mlima Meru kutoka katika majalada ya zamani, nikaiachia programu ikisie viwango vya maeneo ambayo hayakupimwa: nyekundu kwa floraidi nyingi, kijani kwa kidogo. Nilipoionyesha kwa kamati ya maji ya kijiji, mama mmoja mzee alisema kwa upole: "Mwanangu, hapo ulipopaka nyekundu ndipo tunapochota, na meno ya wajukuu zangu ni meupe." Nilimjibu kwa kiburi kwamba takwimu hazisemi hivyo. Tulipopima, chemchemi yake ilikuwa chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Nilikosea mara mbili. Majalada yalitumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani), nami nikayasoma kana kwamba ni WGS 84 ya GPS, hivyo kila kisima kikahama takribani mita 300. Kosa la pili lilikuwa zito zaidi: nilichanganya chemchemi na visima virefu. Maji ya mvua yanayoshuka upesi kutoka juu mlimani hubeba floraidi kidogo, ilhali yale yanayokaa muda mrefu katika miamba na majivu ya volkeno huiyeyusha kwa wingi. Na kwa kuwa maji hayo yana sodiamu nyingi na kalisi haba, ambayo ndiyo huinasa floraidi, hakuna cha kuizuia. Ndiyo maana vyanzo viwili jirani huweza kutofautiana kabisa.

Sasa wahandisi hunipigia simu kabla ya kuchimba, na jambo hilo nalionea fahari. Kwa hiyo nisikilize: andika mfumo wa majiranukta, kina cha kisima, aina ya chanzo na mwezi wa kupima. Chora chemchemi peke yake na visima virefu peke yake. Pasipopimwa, paache peupe, hata kama anayekulipa anataka ramani iliyojaa. Rangi nyekundu isiyo na ushahidi huifanya familia iache maji salama, na ya kijani humnywesha mtoto maji yatakayomtia meno madoa ya kahawia na, kwa miaka mingi, kumpinda mifupa.