Mama Anakuja Uingereza: Akiugua, Nani Atalipa?

Msimu wa kuwaita wazazi umefika, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza mambo ya viza na hospitali. Kwenye matibabu tunajibu kwa kanuni za England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao za afya, ingawa viza ni ileile.

Mama ana miaka 67, yuko Tanga, ana presha na kisukari. Anakuja kwangu kwa miezi 6. Mimi nakatwa kodi kila mwezi na nililipa ada ya afya kwenye viza yangu. Hawezi kutibiwa kwa mgongo wangu? (Kifunguamimba, Leicester)

Hawezi. Ada hiyo, ambayo kwa mtu mzima ilipandishwa hadi pauni 1,035 kwa mwaka Februari 2024, inamfunika aliyeilipia tu. Mwenye viza ya matembezi hatozwi ada hiyo, na kwa sababu hiyo NHS, huduma ya afya ya umma, inamhesabu kuwa mgeni wa kulipa. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa matibabu na Uingereza, na kodi yako haihusiki.

Lakini si kila mlango una bei. Kumwona GP, yaani daktari wa kawaida wa mtaani, ni bure kwa yeyote. Akikaa mtaani kwenu zaidi ya saa 24 na chini ya miezi 3, anaandikishwa kama mgonjwa wa muda. Akizidi hapo, anaandikishwa kama wengine. Mapokezi wakidai pasi ya kusafiria au uthibitisho wa anwani, waambie kwa upole kwamba mwongozo wa NHS hauruhusu mtu kukataliwa kwa kukosa karatasi hizo. Dawa alizoandikiwa na GP wa NHS ni bure kwa aliyefikisha miaka 60. Kitengo cha dharura, A&E, nacho ni bure: kupimwa, kushonwa, kufungwa plasta.

Gharama huanza daktari wa A&E anaposema “tunamlaza”, au GP anapoandika rufaa ya kwenda kwa bingwa. Hapo mita inaanza kusoma, tena kwa asilimia 150 ya bei ya NHS: tiba ya pauni 4,000 inaandikiwa pauni 6,000. Wengi wanaumia hapa, kwa sababu wodi iko jengo lilelile, manesi wana sare ileile, na hakuna aliyewaambia kwamba wamevuka mpaka. Muulize daktari waziwazi: “Amelazwa rasmi au bado yuko A&E?”

Kuna maradhi ambayo ni bure hata akilazwa, yakiwemo malaria, kifua kikuu, kipindupindu na VVU. Kwa hiyo mama akishikwa na homa wiki za mwanzo, msimpe panadoli mkasubiri. Mpelekeni, na mseme mapema kwamba ametoka Tanga.

Tiba isiyo ya haraka, kama mtoto wa jicho au goti, hulipiwa kwanza. Ndivyo ilivyo tangu Oktoba 2017. Tiba ya haraka haizuiwi wala kucheleweshwa kwa sababu ya pesa, ila bili itafuata. Kisheria deni ni la mgonjwa, si la mtoto wake, mpaka mtoto atie sahihi ya kulibeba. Soma karatasi kabla ya kusaini saa nane za usiku. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi 2 bila kulipwa, hospitali hulipeleka Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, na maombi yake ya viza yajayo yanaweza kukataliwa kwa hilo. Kama hamna pesa zote, ombeni kwa maandishi kulipa kidogo kidogo kabla miezi hiyo haijaisha, na msiruke hata awamu moja.

Basi tumkatie bima gani? (Huyohuyo)

Uingereza hailazimishi bima kwa viza ya matembezi. Ndiyo maana wengi huiacha, na kwetu huo ni ubahili wa hatari. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, huwezi kupata viza bila bima ya angalau euro 30,000, na kwa mtu wa miaka 67 hata kiwango hicho tunakiona kidogo.

Inunuliwe kabla hajapanda ndege, maana kampuni nyingi haziuzi kwa aliyekwisha kuanza safari. Presha na kisukari vitajwe vyote viwili, pamoja na dawa na kipimo cha kila moja. Malipo yataongezeka, lakini mkivificha, kampuni itaomba faili lake la hospitali ya Tanga na kukataa dai, hata kama alilazwa kwa kiharusi na ninyi mnasema ni ugonjwa mpya. Angalieni mambo matatu: kikomo cha umri, idadi ya siku (bima ya siku 90 haimtoshi mtu wa miezi 6), na kusafirisha maiti. Hilo la mwisho hakuna anayependa kulitamka, na ndilo linalozifanya familia zipitishe mchango msikitini na kwenye makundi ya WhatsApp.

Akilazwa, pigeni simu ya bima kabla ya upasuaji wowote, au siku hiyohiyo ikiwa ni dharura. Kuchelewa kutoa taarifa ni sababu rahisi ya kunyimwa fidia.

Tulimwekea baba shilingi milioni 15 benki, viza ikakataliwa. Kwa nini? (Ndugu wawili, Reading)

Kwa sababu ya hizo milioni 15. Ofisa anaona akaunti iliyokuwa ikipokea laki nne kwa mwezi, halafu ghafla furushi. Pesa zisizoelezeka zinatia shaka kuliko pesa chache. Kama ninyi ndio mtakaolipa, semeni hivyo: barua yenu, hati zenu za mshahara, taarifa za benki za miezi 6, na uthibitisho wa nyumba atakayofikia. Yeye alete kinachomrudisha nyumbani: pensheni, shamba, duka, mke.

Hati za Kiswahili zitafsiriwe, na tafsiri iwe na tarehe, jina kamili la mfasiri, sahihi yake, mawasiliano yake na tamko kwamba ni sahihi. Barua ya serikali ya mtaa isiyo na tafsiri ni sawa na kutoipeleka. Kwa kawaida hakuna rufaa kwa viza hii. Ombeni upya, mkijibu kila hoja ya barua ya kukataliwa.

Mdogo wangu yuko hapa kwa matembezi, mimba ina miezi 7. Hospitali itamkataa? Mtoto atapata uraia? (Dada mtu, Coventry)

Haitamkataa. Huduma ya uzazi huhesabiwa ya haraka siku zote, ila italipiwa yote, kliniki na kujifungua. Uraia hapana: tangu Januari 1, 1983 kuzaliwa Uingereza peke yake hakutoshi. Lazima mzazi mmoja awe raia au awe na ukaazi wa kudumu.

Bibi anaweza kubaki na wajukuu tukienda kazini? (Msomaji, Milton Keynes)

Kwa muda mfupi, kama bibi, ndiyo. Akilipwa, au barua yenu ikisema anakuja ili msilipe mlezi, hiyo ni kazi.

Mama abebe dawa za miezi yote 6? (Msomaji, London)

Za presha na kisukari ndiyo, kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa kwenye pakiti zake, na barua ya daktari kwa Kiingereza. Insulini isiwekwe kwenye begi la chini, itaganda. Tahadhari ni tramadol, dawa ya maumivu: Uingereza ni dawa inayodhibitiwa, na dozi ya miezi 3 au zaidi inahitaji leseni. Apunguze, nyingine aandikiwe na GP akifika.