Kabla Hujafungua Ofisi ya Tiketi za Ndege

Kila baada ya wiki chache hunijia kijana ofisini kwangu Kisutu, mara nyingi akiwa ametoka chuo na cheti cha utalii au cha uuzaji wa tiketi, akitaka nimweleze namna ya kufungua ofisi yake mwenyewe ya uwakala wa safari za ndege. Swali lake la kwanza karibu siku zote ni lile lile: mashirika yanalipa kamisheni asilimia ngapi? Humjibu kwamba ameanzia mwisho. Aulize kwanza shirika lenyewe hubakiwa na nini ndege ikishatua, kwa sababu asiyebakiwa na kitu hana cha kumgawia mwingine, na mengi yanayotupata sisi mawakala hayaeleweki mpaka ujue mwenye ndege anavyopata na anavyopoteza fedha.

Jibu la swali hilo huwashtua wengi. Katika makadirio yake ya Juni 2025, IATA, ambacho ni chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kilisema kwamba mashirika ya dunia nzima yangebakiwa na faida ya takriban dola 7 kwa kila abiria, na kwamba kwa mashirika ya Afrika faida hiyo ingekuwa kiasi cha dola 1 na senti 30. Abiria amelipa laki kadhaa, amelalamika kwamba anaibiwa, na mwenye ndege amebakiwa na fedha ambayo mjini kati haimtoshi mtu kununua sahani ya wali kuku na soda.

Fedha hiyo huliwa na mambo mengi, lakini mawili ndiyo yanayomhusu zaidi wakala. La kwanza ni kiti. Konda wa daladala akiona gari halijajaa husubiri kituoni, na akiona mbele hakuna watu hukatisha ruti na kugeuza, na mara nyingi hapati zaidi ya matusi ya abiria. Ndege haina uhuru huo. Saa ikifika inaondoka hata kama kati ya viti 76 vilivyojaa ni 30 tu, kwa sababu mwisho wa safari wapo wengine wanaoisubiri ili warudi nayo, na marubani wana kikomo cha saa za kazi kilichowekwa na sheria. Kiti kilichoruka kitupu hakiuziki tena kesho. Ndiyo maana kiti kile kile huuzwa kwa bei sita au saba tofauti, kila bei ikiwa na herufi yake kwenye mfumo, za chini zikiisha mapema na za juu zikiachiwa mfanyabiashara anayekumbuka safari jioni ya kuamkia siku yenyewe. Wateja huiona tabia hii kuwa ni ulanguzi. Mimi huwaeleza kwamba bila yule wa nauli ya juu, huyu wa nauli ya chini asingepata ndege ya kupanda.

La pili ni dola, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo kwa kuwa ndiyo kiini cha biashara hii katika nchi zetu. Shirika la Afrika Mashariki huuza sehemu kubwa ya tiketi zake kwa shilingi, ilhali bei ya mafuta hufuata soko la dunia kwa dola, malipo ya kukodi ndege ni kwa dola, vipuri na matengenezo makubwa ya injini ni dola, bima ni dola, na mkopo wa kununulia ndege ni dola. Hesabu za Kenya Airways za mwaka 2023 zinafaa kusomwa na kila anayetaka kuingia kwenye kazi hii. Mwaka huo shirika lilipata faida ya uendeshaji ya shilingi za Kenya bilioni 10.5, maana yake ndege ziliruka, abiria walijaa, na kazi yenyewe ililipa. Hata hivyo mwisho wa hesabu ilikuwa hasara ya bilioni 22.7, na sababu kubwa ilikuwa shilingi ya Kenya kuporomoka huku madeni yakiwa kwa dola. Mwaka uliofuata shilingi ikapata nguvu, na shirika likatangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10. Kisha katika nusu ya kwanza ya 2025 hasara ikarudi, bilioni 12 na ushei, kwa kuwa Boeing 787 tatu zilikuwa zimeegeshwa zikisubiri injini. Watu walewale, njia zilezile, na katika miaka mitatu hesabu zimegeuka mara mbili kwa mambo ambayo mhudumu wa kaunta, rubani na hata mkurugenzi hawana uwezo nayo.

Kwetu Tanzania hali haitofautiani sana. Serikali ilianza kuifufua Air Tanzania mwaka 2016 kwa ndege mbili za Bombardier Q400, na mwaka 2018 zikafuata Boeing 787 na Airbus A220. Mwaka 2022 baadhi ya A220 zikalazimika kuegeshwa kwa tatizo la injini lililozikumba ndege za aina hiyo katika nchi nyingi, na ndege iliyoegeshwa haiingizi kitu ilhali gharama zake zinaendelea. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinaonyesha hasara ya shilingi bilioni 56.64 kwa mwaka wa fedha 2022/23 na bilioni 91.8 kwa 2023/24. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa kama nchi inahitaji shirika lake au haihitaji, kwa maana ubishi huo una umri mkubwa kuliko mimi: tangu shirika la pamoja la East African Airways livunjike mwaka 1977, kila nchi imekuwa ikijenga lake, na watetezi wake huhesabu pia watalii, mizigo na heshima. Ninachomwambia kijana ni kwamba asichanganye shirika kuwepo na shirika kuwa na fedha.

Tulishajifunza pia upande wa nauli nafuu. Novemba 2012 fastjet ilianza safari zake Dar es Salaam kwa ndege za Airbus A319, ikiruka kwenda Mwanza na Kilimanjaro, na nakumbuka watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga uwanja wa ndege wakipanga foleni kwa nauli iliyoshindana na ya basi. Baadaye walihamia ndege ndogo zaidi za Embraer, na mwishoni mwa 2018 safari zikakoma. Nauli ya kutupa hufanya kazi pale ndege inapojazwa na kurushwa mara nyingi kwa siku, katika nchi yenye miji mingi mikubwa iliyokaribiana na abiria wanaonunua wenyewe kwenye intaneti. Soko letu la mwaka 2012 halikuwa limefika hapo. Aidha, ada za kiwanja hazipungui eti kwa sababu nauli imepungua, kwa hiyo kadiri nauli inavyokuwa ndogo ndivyo tozo zinavyoonekana kubwa kwenye risiti.

Sasa nirudi kwenye kamisheni. Nilianza kazi mwaka 2007 nikiwa karani wa kaunta, wakati tukiandika bado tiketi za karatasi zenye kaboni nyekundu, mwaka mmoja kabla IATA haijazifuta rasmi Juni 2008. Tiketi ya kimataifa ilimwachia wakala asilimia 7, na wakubwa wangu walisimulia asilimia 9 ya zamani kama wazee wanavyosimulia mvua za miaka ya neema. Ikashuka hadi 5, kisha shirika moja baada ya jingine likatuma barua fupi ya kistaarabu kueleza kwamba kuanzia tarehe fulani kamisheni itakuwa sifuri. Hili halikuanzia kwetu. Marekani mashirika makubwa yaliweka ukomo wa kamisheni mwaka 1995, na kufikia 2002 yalikuwa yameshaiondoa. Ukishajua kwamba mtu anabakiwa na dola 1 na senti 30, huwezi kushangaa kwa nini alianza kubana matumizi kwako.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni kwamba ujira wako umdai mteja, tena waziwazi. Tangu siku ya kwanza andika ada ya huduma kwenye mstari wake peke yake katika risiti. Miaka ya mwanzo niliificha ndani ya nauli kwa kuogopa kwamba mteja ataikataa, naye akifika nyumbani akaona bei kwenye tovuti ya shirika akaniona tapeli. Nilipoanza kuiandika, wachache waliondoka, na waliobaki walijua wananilipa kwa kazi gani: kumpigia mteja saa tisa usiku ratiba inapobadilika, kumtafutia njia nyingine, kuangalia viza ya kupitia na uzito wa mizigo kabla hajafika kaunta akaaibika. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou, mzigo una maana kuliko kiti. Wakala anayejua ni shirika gani linaruhusu mabegi mawili ya kilo 23, na linatoza kiasi gani la tatu, hahitaji kumbembeleza mtu.

Ushauri wa pili nilijifunza kwa kuumia. Mapema mwaka 2020 nilikuwa na kundi la wafanyabiashara 14 waliolipia safari ya China, zaidi ya shilingi milioni 30 kwa jumla, na fedha zote nilikuwa nimeshazipeleka kwa shirika moja la nje ambalo jina lake naliacha. Ugonjwa ukaingia, safari zikafutwa. Shirika likasema halirudishi fedha taslimu bali linatoa vocha za kusafiria baadaye. Wateja hawakutaka vocha. Mtaji wao ulikuwa umekwama humo, na waliyemjua ni mimi, si shirika. Niliwarudishia tisa kwa mkopo wa benki, watano wakakubali kusubiri, na marejesho ya shirika yakaja baada ya miezi 11, yakiwa yamekatwa ada ambazo mpaka leo sijaelewa zilitoka wapi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa nimeelewa fedha hizo zilikuwa wapi muda wote ule. Nilidhani zimewekwa mahali zikisubiri siku ya safari. Kumbe tiketi iliyouzwa leo kwa ajili ya Desemba ndiyo inayolipia mafuta ya ndege inayoruka wiki hii. Abiria anayelipa mapema ni mkopeshaji asiyetoza riba, na shirika likisimama ghafla, mkopeshaji huyo huwa karibu na mwisho wa foleni, nyuma ya benki, wenye ndege na mamlaka za viwanja. Tangu hapo kundi lolote nalichukulia amana ndogo tu, fedha iliyobaki inalipwa karibu na tarehe ya mwisho ya kutoa tiketi. Sitoi tiketi miezi mingi kabla eti kwa sababu nauli imeshuka kidogo. Na mteja husaini karatasi ya Kiswahili inayosema wazi kwamba marejesho hutoka kwa shirika na mimi ni mfuatiliaji. Pia sikubali tena shirika moja lishike zaidi ya theluthi moja ya mauzo yangu ya mwezi, hata likinipa zawadi ya mauzo.

Jihadhari na mikopo kwa wateja. Wakala mwenye leseni ya IATA huweka dhamana ya benki na hulipa mauzo yake kwa tarehe zisizobadilika, ilhali ofisi kubwa unazoziuzia, hasa za umma, hulipa zinapojisikia. Nimeona ofisi nzuri zikifungwa zikiwa na wateja wengi kwa sababu hiyo tu. Kuna pia zile hati za madai tunazoziita ADM, ambazo shirika hukuletea miezi kadhaa baadaye likidai kwamba nauli uliyotumia haikuruhusiwa kwa tarehe ile. Kosa la herufi moja laweza kula faida ya tiketi 20.

Kwa anayetaka kuwahudumia watalii, nyongeza moja. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaingiza mashirika yote yenye leseni ya Tanzania kwenye orodha yake ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka huko, baada ya kuwa umeiingiza Air Tanzania Desemba 2024. Safari za ndani hazikuzuiwa, lakini mgeni wa Ulaya ataiuliza habari hiyo kabla hajapanda ndege ya kwenda Zanzibar au Serengeti. Uwe na jibu la kweli, na uwe tayari kumpangia njia ya barabara, au ya boti kwa Zanzibar, akitaka.

Kijana wa mwisho aliyenijia alikuwa ameshaona fremu ya kukodi, kodi ya miezi sita mbele. Nilimwomba aiache kwanza, atafute meza ya kukodi ndani ya ofisi ya wakala mwenye leseni, auze kwa jina la mwenzake kwa mwaka mmoja huku akiandika kwenye daftari kila ada aliyotoza na kila simu aliyopokea usiku. Hakufurahi. Alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amepata meza kwa mama mmoja wa Kariakoo, na alichoniuliza safari hii ni namna ya kuipinga ADM.