Wasomaji Wauliza: Damu Yangu Itakubalika?

Mtoto wa dada yangu ana selimundu. Nami nilipima, nikaambiwa ni AS. Naweza kutoa damu? (Msomaji, Ahero)

Unaweza, ila damu yako haitamfaa kila mgonjwa. Mwenye AS amerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu, na si mgonjwa. Kanda ya Ziwa ina wengi kama wewe kwa sababu kinasaba hicho humkinga mtoto na malaria kali. Tungewakataa wote, majokofu ya Kisumu yangebaki matupu. Himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ikifika gramu 12.5 kwa desilita, unatoa kama wengine.

Lakini mwambie mhudumu mapema. Damu ya AS haifai kumwongezea mtoto mchanga wala mgonjwa wa selimundu, kwa kuwa mgonjwa huyo anahitaji kupunguziwa himoglobini S (ile ya selimundu), naye angekuwa anaongezewa. Tena, ikipitishwa kwenye kichujio cha chembe nyeupe mara nyingi huziba, na mfuko ukapotea bure. Kwa hiyo mpwa wako mtafutieni wachangiaji wenye AA, wasio na kinasaba hicho. Mwenye SS, yaani mgonjwa aliyerithi kinasaba hicho kwa wazazi wote wawili, hatoi damu kabisa.

Nameza tembe za presha, na jirani yangu ana sukari. Twende au tukae? (Msomaji, Nakuru)

Nendeni. Presha iliyotulia kwa dawa haikuzuii. Kama dawa imeanzishwa au kubadilishwa karibuni, Shirika la Afya Duniani linashauri ungoje siku 28 tangu presha itulie. Na usiruke tembe asubuhi hiyo eti damu iwe safi! Presha itapanda pale pale kwenye kipimo, urudishwe nyumbani.

Jirani anayedhibiti sukari kwa chakula au tembe anakubalika. Anayejidunga insulini hatoi. Mwenye pumu hutoa akiwa hana dalili, na mwenye kifafa akishamaliza miaka 3 bila dawa wala kifafa kumshika.

Nimetibiwa malaria wiki jana tu. (Msomaji, Busia)

Usitoe sasa. Vimelea huishi kwenye damu iliyohifadhiwa jokofuni, na huenda atakayeipokea ni mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria hiyo hiyo. Ukienda siku nyingine, taja tarehe uliyomaliza dozi. Mhudumu ndiye atakayepima kama muda umetosha.

Mke wangu amelazwa, ni kundi A positive. Hospitali inataka ndugu watoe damu, nasi wengi ni B na O. Tunapoteza nauli? (Msomaji, Kakamega)

Hampotezi. Damu yenu haitoki mkononi ikaingia moja kwa moja kwa mgonjwa: hupimwa kwanza Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha huingia benki. Mgonjwa hupewa inayomfaa kutoka jokofuni, ya B ikamfaa mwingine.

Kwa chembe nyekundu, mwenye A hupokea A au O. Mwenye B hupokea B au O. AB hupokea zote. O hupokea O peke yake. Mwenye negative apewe negative, hasa msichana au mama anayetarajia kuzaa bado. O negative ndiyo ya dharura, kabla kundi la mgonjwa halijajulikana. Plazma, yale majimaji ya damu, huenda kinyume: ya AB ndiyo inayofaa makundi yote.

Wewe mwenyewe toa, lakini omba mfuko wako usiwekwe kwake, hata makundi yakilingana. Mwili wake unaweza kutengeneza kinga dhidi ya chembe zako, na mtoto mtakayemzaa baadaye, aliyerithi chembe hizo kwako, akashambuliwa akiwa tumboni.

Nina kilo 47 na afya njema. Kwa nini wasinitolee nusu? (Msomaji, Kisumu)

Kwa sababu ya mfuko. Ule wa mililita 450 huja na takriban mililita 63 za dawa ya kuzuia damu isigande, na vipimo hivyo vimelinganishwa. Ukijazwa nusu, dawa inazidi damu na chembe zinaharibika. Nawe mwenye mwili mdogo ukitolewa mfuko kamili, unazimia kwa urahisi. Subiri ufike kilo 50.

Ukifika, umri uwe kati ya miaka 16 na 65, na nafasi kati ya mara moja na nyingine iwe miezi 3 kwa mwanamume, 4 kwa mwanamke. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Siku yenyewe kula, kunywa maji ya kutosha, na ukishatoa keti dakika 15 kabla ya kuinuka. Mwendesha boda boda apumzike siku hiyo. Kizunguzungu kinaweza kumpata saa kadhaa baadaye, akiwa barabarani na abiria.