Alama za kihariri ndani ya mafaili ya msimbo: zibaki au zifutwe?

Swali: Nimejiunga na timu inayotunza programu ya zamani ya Python. Karibu kila faili linaanza na `# -*- coding: utf-8 -*-` na kuishia na `# vim: set ts=4 sw=4 et:`. Wenzangu wengi wanatumia kihariri cha VS Code. Nizifute?

Jibu: Usizifagie pamoja, maana kazi zake ni tofauti.

Ya kwanza ina umbo la alama za kihariri cha Emacs, lakini Python yenyewe huisoma ikiwa kwenye mstari wa 1 au wa 2, ijue herufi za faili zimesimbwaje. Bila alama hiyo, Python 2 ililichukulia faili kuwa ASCII, yaani herufi za msingi za Kiingereza tu. Herufi moja ya kigeni, hata ndani ya komenti, ilitosha kuizuia programu isianze. Python 3 huchukulia UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote, bila kuambiwa, kwa hiyo kama mmeshahama, futa. Angalizo: ukikuta alama inayotaja `latin-1` (usimbaji mwingine, wa zamani), ligeuze kwanza faili liwe UTF-8. Ukifuta tu, Python inaweza kukataa kulisoma.

Ya pili ni ya kihariri cha Vim: hukiambia kitumie nafasi nne badala ya tabu. Uzuri wake ni kwamba husafiri na faili popote, hata likitumwa peke yake kwa barua pepe. Lakini VS Code haiisomi bila kiongezi. Mtu akibadilisha nafasi kuwa tabu, mstari unabaki ukidai kisicho kweli, na mtumiaji wa Vim anayeuamini anazidi kuchanganya. Katika Python hilo si suala la sura tu: Python 3 hugoma tabu na nafasi zikichanganywa kwa namna yenye utata.

Kuna pia usalama. Mwaka 2019 iligunduliwa kasoro CVE-2019-12735: katika Vim ya kabla ya 8.1.1365, kufungua tu faili lenye mstari wa aina hii uliotegwa kuliweza kuendesha amri za mshambuliaji. Debian, mfumo wa Linux, huzima usomaji wa mistari hiyo kwa chaguo-msingi, kwa hiyo huenda mistari yenu haisomwi hata na baadhi ya wanaotumia Vim.

Mimi ningehamishia mipangilio kwenye faili moja la `.editorconfig`, linalosomwa na vihariri mbalimbali, katika folda kuu ya mradi:

```
root = true

[*.py]
indent_style = space
indent_size = 4
```

Neovim, kihariri kilichotokana na Vim, hulisoma chenyewe tangu toleo 0.9, VS Code inahitaji kiongezi cha EditorConfig. Bakiza alama ya Vim pale tu jina la faili halisemi ni la lugha gani, mfano skripti isiyo na `.py`. Ufutaji ufanye kama badiliko la peke yake, lisilogusa kingine chochote, ili anayelikagua aone mistari iliyoondoka tu.